Tusome Makala ya Waganga kwa Pamoja

Ndugu msomaji, kisomo umekwisha kuhitimu. Barua unasoma mwenyewe, mizani ya pamba hudanganywi tena, na gazeti hili unalo mkononi. Lakini ukipewa makala ya utafiti wa magonjwa, hata iliyofasiriwa kwa Kiswahili, huenda ukaiweka chini baada ya mistari mitatu. Usione aibu. Makala hizo wataalamu huwaandikia wataalamu wenzao.

Hata hivyo habari zilizomo ni zetu. Damu iliyopimwa ilitoka mikononi mwetu, na dawa zilizojaribiwa zilijaribiwa vijijini mwetu. Basi tufanyeje? Kidole kimoja hakivunji chawa. Tusome kwa kikundi, na kila mmoja aandike maelezo pembeni mwa makala ili mwenzake aelewe.

Tuchukue mfano wa mkoani Mwanza. Mwaka 1995 gazeti la waganga la Uingereza, The Lancet, lilitoa makala juu ya utafiti uliofanywa vijijini huko. Watafiti walitaka kujua hivi: watu wakitibiwa vizuri magonjwa ya zinaa, kama kisonono na kaswende, je, maambukizo ya virusi vya UKIMWI yatapungua?

KAZI INAVYOKWENDA

Kwanza, bandikeni kila ukurasa wa makala katikati ya karatasi kubwa, ili pembeni pabaki nafasi ya kuandika.

Pili, someni kwa sauti, polepole. Neno lisiloeleweka lipigiwe mstari na kupewa namba. Asiyeelewa aandike swali lake pembeni kwa penseli, pamoja na jina lake.

Tatu, anayejua ajibu chini ya swali. Muuguzi wa zahanati atajibu ya ugonjwa, mwalimu atajibu ya hesabu. Mkulima naye anayo ya kujibu, kama tutakavyoona.

Nne, jibu lisifutwe hata kama lina kosa. Mwenye jibu bora aliandike chini yake. Kikundi kitakachofuata kisome yote na kuongeza yake.

MASWALI YA PEMBENI

Makala inasema jumuiya 12 ziliwekwa jozi 6, na katika kila jozi moja ilichaguliwa kwa kura. Jumuiya zilizochaguliwa zilipata huduma bora mapema: watumishi wa afya walifundishwa, dawa zilipelekwa bila kukatika, na wakaguzi walipita mara kwa mara. Swali la pembeni: kura ya nini? Jibu: kuondoa upendeleo. Mtafiti akichagua mwenyewe, ataweza kuchagua vijiji vilivyo karibu na barabara, halafu asifu dawa kwa kazi iliyofanywa na barabara.

Tuje kwenye hesabu. Baada ya miaka miwili, katika vijiji vya huduma bora watu 48 kati ya 4,149 walikuwa wameambukizwa. Katika vijiji vingine walikuwa 82 kati ya 4,400. Wote hao mwanzoni hawakuwa na virusi. Makala inasema maambukizo yalipungua kwa asilimia 42, baada ya watafiti kusawazisha tofauti nyingine za vijiji hivyo.

Hapa ndipo wengi hupotea. Mtu husikia 42 akadhani katika kila watu 100 waliotibiwa, 42 waliokoka. Sivyo! Mwalimu wa hesabu aandike pembeni: "Katika watu 1,000 waliambukizwa kama 19 pasipo huduma bora, na kama 12 penye huduma hiyo. Tofauti ni watu 7." Saba si wengi katika elfu. Lakini katika wilaya nzima ni ndugu wengi sana.

Kando ya 42 kuna namba mbili: 21 hadi 58. Mkulima azieleze hizo. Ukilitazama shamba kabla ya kuvuna unakisia: "Hayapungui magunia 21, hayazidi 58, nami nashika 42." Na watafiti wanakisia hivyo hivyo kwa hesabu zao.

Liko swali jingine zuri. Mwanzoni waliandikishwa watu 12,537, lakini waliopatikana mwishoni ni 8,845. Wengine walikwenda wapi? Makala nzuri haifichi namba kama hiyo, na msomaji mzuri hairuki.

MAKALA MOJA HAITOSHI

Mwaka 1999 gazeti lile lile lilitoa utafiti wa Rakai, Uganda. Huko watu walipewa dawa za magonjwa ya zinaa kila baada ya miezi 10, wagonjwa na wasio wagonjwa. Maambukizo ya virusi hayakupungua. Kumbe! Je, wa Mwanza walisema uongo? Hapana. Mwanza mgonjwa alipata tiba zahanatini siku yoyote alipougua. Rakai dawa zilipita kwa msimu, na virusi vilikuwa vimekwisha kuenea zaidi. Kwa hiyo kwenye karatasi ya Mwanza andikeni: "Tazama na Rakai, 1999." Maneno hayo machache yatamzuia anayetufuata asichukue habari nusu.

Ndugu msomaji, maelezo ya pembeni si cheti cha dawa. Ukiugua, nenda zahanati. Lakini utakwenda ukijua la kuuliza, na mwenye swali lake hapuuzwi kirahisi.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Kwa nini jumuiya zilichaguliwa kwa kura?
2. Mwenzako akisema, "Ukitibiwa kisonono hupati UKIMWI," utamjibu nini?
3. Nani kijijini mwenu anaweza kujibu maswali ya pembeni? Andikeni majina yao, kisha mkawaalike.