Kiti cha Tanga Mjini na Mikono Mitatu



Mwenye kusimama ufukweni Wete wakati wa magharibi hulitazama jua likizama upande wa Tanga. Mkondo ndio unaotutenga, lakini watu wetu huuvuka kuoa na kuoza, kuuza na kununua, na wengi wana jamaa zao Chumbageni, Ngamiani na Makorora. Basi habari za Tanga kwetu si habari za ugenini.

Mara nyingi mikutanoni husikika swali hili: Mbona wabunge wetu wakifika Dodoma hawaisemi bei ya karafuu? Ili kulijibu vema, twapenda kwanza kuwasimulia habari za jirani, yaani kiti cha ubunge cha Tanga Mjini, na safari ya Bibi Ummy Ally Mwalimu aliyekipata 2020. Katika safari yake mtu aweza kuona waziwazi ni mkono gani humpa kiongozi cheo, na mkono gani waweza kukichukua. Asiyejua hayo hupeleka shida yake mlango usio wake.

Bibi Ummy alizaliwa 1973, na kwa kazi yake ni mwanasheria. Aliingia Bungeni 2010, naye hakuingia kwa kura za jimbo. Aliingia kwa Viti Maalum vya wanawake, kwa tiketi ya CCM. Viti hivyo hugawiwa vyama kwa kadiri ya kura walizopata katika uchaguzi, na kila chama hupeleka majina ya wanawake wake. Katika Bunge la 2010 viti hivyo vilikuwa 102, na katika lile la 2015 vilikuwa 113. Mpiga kura haoni jina la mama huyo kwenye karatasi yake. Huo ndio mkono wa kwanza, mkono wa chama.

Tusiudharau mkono huo. Wazee wanakumbuka kwamba katika uchaguzi wa kwanza wa Zanzibar, Julai 1957, viti 6 viligombewa na hakuna mwanamke hata mmoja aliyepiga kura. Mama zetu wa Unguja na Pemba walipiga kura mara ya kwanza 1961. Tanga nayo ilipiga kura yake ya kwanza Septemba 1958, ile iliyoitwa kura tatu, ambapo mpiga kura alilazimika kuchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, la sivyo kura yake iliharibika. Mlango wa wanawake umefunguliwa kwa taabu, na Viti Maalum vimeingiza Bungeni wengi ambao pengine wasingalifika.

Mwaka ule ule wa 2010, aliyechaguliwa na watu wa Tanga Mjini alikuwa Marehemu Bwana Omari Nundu wa CCM, bingwa wa mambo ya ndege, naye akafanywa Waziri wa Uchukuzi. Mwezi Mei 2012, baada ya kelele kubwa Bungeni juu ya hesabu za serikali, Rais Kikwete alilipangua Baraza la Mawaziri. Bwana Nundu akaachwa. Katika mabadiliko hayo hayo Bibi Ummy akaitwa kuwa Naibu Waziri wa Maendeleo ya Jamii, Jinsia na Watoto. Mbunge mwenye jimbo akatoka, na mbunge asiye na jimbo akaingia. Huo ndio mkono wa pili, mkono wa Rais. Mkono huu haumwulizi mtu wa Chumbageni neno lo lote, wala haupasi kumwuliza, kwa kuwa Katiba ndivyo ilivyosema.

Mkono huo ulimhamisha Bibi Ummy mara nyingi. Akiwa naibu alibadilishwa wizara 2014, kisha 2015. Desemba 2015 Rais Magufuli alimfanya Waziri wa Afya, Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wazee na Watoto. Ni yeye aliyetangaza, tarehe 16 Machi 2020, kwamba mgonjwa wa kwanza wa korona amepatikana Tanzania. Wakati huo alikuwa amekaa Bungeni karibu miaka 10, na bado alikuwa hajachaguliwa na jimbo lo lote.

Sasa turudi Tanga. Mwaka 2015 mkono wa tatu ulijionyesha, nao ni mkono wa mpiga kura. Kiti cha Tanga Mjini kilimponyoka mgombea wa CCM kikaenda kwa Bwana Mussa Bakari Mbarouk wa CUF. Sisi wa Pemba hatuhitaji kuelezwa CUF ilikuwa nini miaka ile. Bali kwa chama tawala, kupoteza mji mkubwa wenye bandari na reli lilikuwa jambo zito. Tanga ikawa na waziri asiyekuwa mbunge wa jimbo lake, na mbunge wa jimbo asiyekuwa na chama serikalini.

Ndipo 2020 Bibi Ummy akaacha njia ya Viti Maalum akaenda kuomba kura za jimbo la Tanga Mjini. Uchaguzi ulifanyika tarehe 28 Oktoba 2020, naye akatangazwa mshindi. Yatupasa kusema pia kwamba vyama vya upinzani viliyakataa matokeo ya nchi nzima mwaka ule, vikilalamika kwamba kura hazikuwa za haki. Mwandishi mwaminifu hawezi kuusimulia ushindi akayanyamazia malalamiko.

Baada ya uchaguzi mkono wa Rais ukaendelea na kazi yake. Desemba 2020 aliwekwa Ofisi ya Makamu wa Rais kushughulikia Muungano na Mazingira. Machi 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alimpeleka TAMISEMI, na Januari 2022 akamrudisha Afya. Humo ndimo alimopeleka Bungeni muswada wa Bima ya Afya kwa Wote, uliokwama 2022 ukapitishwa Novemba 2023. Agosti 2024 akaachwa nje ya Baraza la Mawaziri, na wizara akapewa Bibi Jenista Mhagama.

Hapa ndugu wanachama watazame vizuri. Kama uwaziri ungaliondoka wakati yeye ni wa Viti Maalum, angalibaki na chama tu nyuma yake. Lakini 2024 alibaki na Chumbageni, Ngamiani na kata nyingine za mji, akawa mbunge wao mpaka muhula ule ulipokwisha 2025. Katiba yenyewe huiona tofauti hiyo, maana yasema Waziri Mkuu hana budi kutoka katika wabunge waliochaguliwa majimboni. Mwenye Viti Maalum aweza kuwa waziri, lakini hawezi kuwa Waziri Mkuu.

Katika miaka hiyo 15, vyeo vilitolewa na kuondolewa mara nyingi. Siku iliyokuwa mikononi mwa watu wa Tanga kumpa au kumnyima kiti ilikuwa moja tu. Siku zote nyingine waliamua wengine.

Sasa twarudi kwenye swali letu la karafuu. Mtu wa Chumbageni akienda kupiga kura hupewa karatasi tatu: ya Rais, ya mbunge na ya diwani. Sisi hupewa tano, kwa kuwa tuna Rais wa Zanzibar na Mwakilishi pia. Wengi wetu huzitia sandukuni zote tano kwa moyo mmoja, kisha hatukumbuki ipi ilikuwa ya nini. Karafuu ya Zanzibar si jambo la Muungano. Sheria ya Maendeleo ya Karafuu ya 2014 ilitungwa na Baraza la Wawakilishi, wala si Bunge la Dodoma. Kadhalika Bibi Ummy alipokuwa Waziri wa Afya hakuwa na amri juu ya hospitali zetu, kwa sababu afya nayo si ya Muungano, na Zanzibar ina wizara yake.

Mikarafuu iko Muheza pia, katika mkoa huo huo wa Tanga, na tunda ni lile lile. Lakini mkulima wa Muheza na mkulima wa Pemba hawatawaliwi na sheria moja, kwa sababu hazikutungwa katika nyumba moja. Anayemlaumu mbunge wake kwa bei ya karafuu amemlaumu mtu asiyehusika, na yule anayehusika amelala usingizi mnono.

Basi twawashauri hivi. Kabla ya msimu wa kampeni, kila tawi na limwalike Mwakilishi wake aje chini ya mikarafuu, aulizwe habari za bei, mizani na magunia. Mbunge naye aulizwe yale ya Muungano. Na yule aliyepewa kiti na chama aulizwe katika chama. Mkulima hapandi mwembe akangoja kuchuma karafuu.