Ombi Kubwa: Maneno au Nia? (Sehemu ya Pili)

Sehemu iliyopita ilieleza mchezo wa mezani wa Dungeons & Dragons, uliochapishwa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Wachezaji hujitwalia nafasi za mashujaa. Mmoja wao, msimamizi, husimulia dunia yao na kuamua kinachotokea pale dadu zisipotosha. Hakuna jambo linalompima msimamizi kama uganga wa daraja la tisa, la juu kabisa, uitwao Ombi. Mchawi hutamka anachotaka, nacho huwa.

Uganga mwingine una mipaka iliyoandikwa: umbali, muda, kiasi cha madhara. Ombi halina. Mchezaji anaweza kutaka ufalme, au adui ambaye kundi zima limemwinda kwa miezi afe papo hapo, na hadithi yote ikaishia hapo.

Watunzi wa kanuni walijaribu kwanza kuliwekea bei. Kitabu cha msimamizi cha 1979 kilimzeesha mchawi miaka 3 kwa kila Ombi. Toleo la pili, la 1989, likafanya miaka 5. Bei hiyo ilikuwa na tundu: mchawi wa jamii inayoishi karne nyingi hakupoteza kitu. Toleo la 2000 likadai pointi 5,000 za uzoefu. Toleo la 2014 likabuni njia bora zaidi. Ombi likiiga uganga wa daraja la nane au chini yake, mchawi hadhuriki. Akiomba jambo jingine, alama yake ya nguvu za mwili hushuka hadi 3 kwa siku kadhaa, kila uganga atakaofanya kabla ya kupumzika vyema utamuumiza, na ipo asilimia 33 kwamba hataweza tena kufanya Ombi maishani.

Lakini bei haijibu swali zito: aliomba nini hasa?

Kitabu cha wachezaji cha 1978 kilitoa mfano ambao toleo la 2014 liliurudia. Mchawi akiomba adui yake afe, msimamizi anaweza kumrusha mchawi mwenyewe mbele, hadi wakati ambapo adui huyo hayupo tena duniani. Neno limetimia, mwombaji ametolewa mchezoni. Wasimamizi wengi waliuchukua mfano huo kama ruhusa ya kutega mitego, na wachezaji wakajibu kwa kuandika maombi marefu yenye vifungu kama mikataba ya mawakili. Huo ni upotevu wa jioni nzima, na hauna haki ndani yake.

Kwa swali hili la maneno na nia, sheria ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ina kipimo kilicho bora. Dekreti ya mikataba ya tarehe 30 Julai 1888, ambayo ingali sheria, inamtaka hakimu atafute nia ya pamoja ya waliopatana kuliko kung'ang'ania maana ya maneno matupu. Kakanda, mji wa migodi kaskazini-magharibi mwa Likasi, jambo hili si geni. Sheria ya migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 inaitaka kampuni ipatane na wananchi kwa maandishi juu ya kazi za maendeleo itakazowafanyia, tena itenge angalau asilimia 0.3 ya mapato ya mauzo yake kwa ajili yao. Wananchi wakiandika "kisima", nani asiyejua kwamba wanataka maji, leo na mwaka kesho, na pampu ikiharibika itengenezwe? Anayechimba shimo kavu akadai ametimiza neno amewadhulumu, hata kama karatasi iko upande wake.

Msimamizi na afanye vivyo hivyo. Kabla Ombi halijathibitishwa, amuulize mchezaji anatafuta nini, kisha aseme wazi gharama na hatari yake. Ombi dogo litimie kama lilivyokusudiwa. Ombi kubwa mno litimie nusu, au lilete adui mpya: aliyetaka kiti cha mfalme akipate, pamoja na warithi halali wanaokuja na jeshi. Hapo hajategwa kwa neno lolote. Amepata alichotaka, na kundi zima limepata kazi ya vikao vijavyo.

Sehemu ya tatu itahusu pete ya maombi matatu, ambayo mvaaji wake si lazima awe mchawi.