Siku Nilipovua Miwani, na Mdogo Wangu Akabaki na Yake

Ilikuwa Desemba 2015, wiki moja kabla ya Krismasi. Soko la Kilombero hapa Arusha lilikuwa limefurika watu. Mgongoni nilikuwa nimembeba mtoto wa miezi minne, mkono wa kulia nimeshika kikapu, na wa kushoto nimemshika binti yangu wa miaka minne. Kijana aliyebeba gunia la viazi akanipiga kikumbo. Miwani yangu ikaanguka, na kabla sijainama nikasikia kioo kikivunjika chini ya kiatu cha mtu. Nilipoinuka, mkono wa binti yangu haukuwamo tena mkononi mwangu.

Mama mwenzangu, kama huvai miwani pengine ni vigumu kunielewa. Macho yangu yalikuwa na namba hasi 6. Kitu chochote kilicho mbali zaidi ya sentimita 17 hivi kutoka usoni pangu kilikuwa ukungu wenye rangi tu. Nilimsikia mwanangu akiita, "Mama! Mama!" Nilijua amevaa gauni jekundu. Lakini soko zima lilikuwa mabaka mekundu: nyanya, kanga, ndoo za plastiki. Nilikimbilia kila chekundu nilichokiona, na kila mara hakikuwa yeye. Mwishowe mama mmoja muuza ndizi alimshika mkono akaniletea. "Mama, si alikuwa hapo mbele yako!" alisema. Kumbe mtoto alikuwa hatua kumi tu kutoka niliposimama.

Usiku ule nilimwambia mume wangu kwamba nataka kufanyiwa upasuaji wa macho kwa leza.

Je, ni kukosa shukrani?

Mume wangu hakukataa, ila aliuliza swali ambalo waume wengi wangeuliza: "Na ada ya watoto?" Mama mkwe wangu naye alisema kwa upole kwamba Mungu ndiye aliyeniumba na macho yale, na kwamba miwani inatosha. Maneno hayo yalinichoma, kwa sababu yalikuwa na ukweli ndani yake. Kusema kweli, haja yangu haikuwa usalama wa watoto peke yake. Tangu shuleni nilikuwa nikiitwa "Miwani," na nilitamani siku moja nivae kitenge kizuri niende kanisani bila vioo vizito usoni.

Nilimwendea mke wa mchungaji wetu. Hakunipa jibu la haraka. Alinikumbusha habari ya yule kipofu wa Bethsaida katika Marko sura ya 8, ambaye Bwana Yesu alimgusa mara mbili, kwa kuwa baada ya mara ya kwanza watu bado walionekana kwake kama miti. Akaniambia, "Bwana hakuona aibu kugusa mara ya pili. Usione aibu kutafuta msaada. Lakini usiende kabla hujajua unachokwenda kutafuta." Shauri hilo ndilo lililonisaidia kuliko yote.

Leza inafanya nini?

Mbele ya jicho kuna utando mgumu uliopinda na usio na rangi, unaoitwa konea. Katikati una unene wa nusu milimita hivi. Kazi yake ni kupinda mwanga ili uangukie vizuri nyuma ya jicho. Kwa mtu asiyeona mbali, mara nyingi jicho ni refu kupita kiasi, hivyo mwanga hukutana kabla ya kufika mahali pake. Miwani hurekebisha kosa hilo kutoka nje. Leza huchonga konea yenyewe, ikaibadilisha umbo. Kwa macho kama yangu, kinachoondolewa ni chini ya sehemu ya kumi ya milimita.

Chanzo cha ufundi huu kinachekesha kidogo. Mwaka 1981 mtaalamu mmoja wa kampuni ya IBM huko Marekani, Rangaswamy Srinivasan, alichukua mabaki ya nyama ya bata mzinga wa Sikukuu ya Shukrani akaenda nayo kazini. Aliipiga kwa aina fulani ya leza, akaona inakata safi kabisa bila kuunguza nyama ya pembeni. Mwaka 1988 daktari mwanamke, Marguerite McDonald, akaitumia leza ya namna hiyo kwa mara ya kwanza kurekebisha jicho la mtu linaloona. Aliyejitolea alikuwa mama mmoja ambaye jicho lake lilikuwa karibu kuondolewa kwa sababu ya saratani. Alijua halitamfaa yeye tena, lakini alikubali ili wengine wafaidike. Kila ninapomkumbuka mama huyo, ninamshukuru Mungu.

"Subiri, mama"

Mwanzoni mwa 2016 nilikwenda kwa daktari wa macho nikiwa na mtoto mgongoni. Swali lake la kwanza halikuhusu fedha. Aliuliza, "Unanyonyesha?" Nilipojibu ndiyo, aliweka kalamu chini.

Alinieleza kwamba wakati wa ujauzito na kunyonyesha, homoni za mwili zinaweza kubadilisha konea na namba ya miwani. Ukipimwa wakati huo, leza inaweza kuchonga kwa kipimo kisicho chako. Zaidi ya hayo, macho huweza kuwa makavu, na baadhi ya dawa zinazotumika hazimfai mama anayenyonyesha. Akaniambia nimalize kunyonyesha, nipitishe miezi kadhaa, na namba yangu ikae bila kubadilika kwa mwaka mmoja.

Nililia njiani. Leo ninaona kwamba kungoja kule kulikuwa baraka. Nilifuga kuku wa mayai, na kwa mwaka mmoja na nusu niliweka akiba kidogo kidogo. Tulikubaliana na mume wangu kwamba ada na zaka hazitaguswa. Mdogo wangu, ambaye ni karani na amevaa miwani tangu utotoni, akaanza kuweka akiba pamoja nami. Tuliombeana kila Jumatano jioni.

Majibu mawili

Juni 2017 tulipanda basi kwenda Nairobi, tukavuka mpaka Namanga. Siku ya kwanza ilikuwa ya vipimo tu. Tulipimwa unene wa konea, ukachorwa ramani ya umbo lake, kisha tukatiwa matone ya kutanua mboni ili daktari aone nyuma ya jicho.

Mimi niliambiwa konea yangu ni nene ya kutosha na namba haijabadilika. Kisha daktari akamgeukia mdogo wangu. "Ulipokuwa mtoto, macho yalikuwa yakikuwasha? Uliyasugua sana?" Mdogo wangu akakubali. "Na miwani, unabadilisha kila mwaka?" Akakubali tena. Daktari akatuonyesha ramani ya jicho lake la kushoto: konea ilikuwa imeanza kuwa nyembamba na kuchongoka mbele kama pia. Huo ni ugonjwa, na konea ya namna hiyo ikichongwa kwa leza hudhoofika zaidi. Jibu lake lilikuwa fupi: "Hapana. Nikikufanyia, nitakuharibia."

Usiku ule katika nyumba ya wageni hatukuzungumza sana. Tulikuwa tumefunga pamoja na kuomba pamoja, na kuku walikuwa wale wale. Kwa nini mmoja ndiyo na mwingine hapana? Nilitaka kuahirisha upasuaji wangu. Mdogo wangu ndiye aliyekataa. "Dada," aliniambia, "mtume Paulo aliomba mara tatu mwiba uondolewe, na haukuondolewa. Mimi leo nimeambiwa nina ugonjwa ambao sikuujua. Hilo nalo si jibu?"

Baadaye alitumia akiba yake kwa matibabu mengine. Hutiwa matone ya vitamini B2 kwenye jicho, kisha konea humulikwa kwa mwanga maalumu ili iwe imara na isiendelee kuchongoka. Hayakumrudishia uwezo wa kuona bila miwani, na bado anaivaa. Lakini ugonjwa umesimama. Kama angempata daktari mwenye tamaa, sijui leo angekuwa na macho ya namna gani.

Siku yenyewe

Niliambiwa nisijipake mafuta, poda, wanja wala manukato. Nilitiwa matone ya ganzi, kope zikashikwa zisifunge. Niliona giza kwa muda mfupi wakati jicho linabanwa. Daktari alikata tabaka jembamba la juu ya konea na kulifunua kama ukurasa wa kitabu, kisha akaniambia nitazame taa ndogo bila kuhama. Leza ikaanza kugonga haraka haraka. Nilisikia harufu kama ya nywele zilizoungua. Haikufika dakika moja. Akalirudisha tabaka mahali pake, tukahamia jicho la pili. Sikusikia maumivu, ila hofu nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeshika ncha ya kanga yangu huku nikiomba kimoyomoyo.

Saa chache zilizofuata zilikuwa ngumu. Macho yalichoma kana kwamba nimekatia vitunguu debe zima. Nililala. Asubuhi, daktari alipoyatazama na kusema yako sawa, niliweza kusoma maandishi ya magari barabarani. Nililia, na mdogo wangu akalia pamoja nami.

Nyumbani

Mama mwenye watoto wadogo anahitaji onyo moja ambalo wengine huenda wasikuambie: tabaka lile lililofunuliwa linaweza kusogea likipigwa au kusuguliwa. Mtoto wangu alikuwa na kawaida ya kunirukia usoni asubuhi. Kwa hiyo wiki za kwanza alilala na bibi yake, nami nililala na vikinga vya plastiki machoni. Mume wangu alipika, maana moshi wa kuni na vumbi si rafiki wa jicho bichi. Mama mkwe wangu ndiye aliyenitilia matone kwa saa zake, bila kukosa hata mara moja.

Macho yalikuwa makavu kwa miezi kadhaa. Usiku taa za magari zilikuwa na duara la mwanga kuzizunguka, likapungua polepole. Wapo wachache ambao ukavu au mng'ao huo hauwaishi, na wapo wanaopata madhara makubwa zaidi. Asiyekuambia hayo hakutakii mema.

Lakini nikuambie pia furaha yangu. Asubuhi moja niliamka kabla ya mume wangu. Kwa mara ya kwanza katika miaka saba ya ndoa, niliuona uso wake kutoka upande wangu wa kitanda bila kupapasa miwani. Alikuwa na mvi tatu kwenye ndevu. Sikumwamsha.

Kabla hujaenda

Mama mwenzangu, kama unafikiria jambo hili, jiulize na umwulize daktari:

1. Je, nina mimba, ninanyonyesha, au tunatarajia mtoto karibuni? Basi ngoja.
2. Je, namba ya miwani yangu imetulia kwa mwaka mmoja au zaidi, na nimeshavuka umri wa kukua?
3. Je, umepima umbo na unene wa konea zangu, na kutazama nyuma ya jicho? Mtu asiyeona mbali sana hubaki na hatari ya ugonjwa wa nyuma ya jicho hata baada ya leza.
4. Je, ninavaa lenzi za machoni? Ni lazima ziachwe siku nyingi kabla ya vipimo.
5. Je, fedha hii inatoka wapi, na mume wangu amekubali kwa moyo?
6. Nani atalea watoto na kupika wiki ya kwanza?

La mwisho: leza haizuii uzee. Baada ya miaka 40 lenzi ya ndani ya jicho hukakamaa, na kusoma kwa karibu huwa kazi. Daktari aliniambia hivyo mapema, na sasa nimevuka umri huo. Mwezi uliopita nilinunua miwani ya kusomea. Mdogo wangu alinikuta nimeivaa, nikipekua Biblia tayari kwa maombi yetu ya Jumatano. Alicheka mpaka akavua yake kufuta machozi.

"Karibu tena, dada," aliniambia. Akakaa karibu nami, tukafungua sura tuliyoiacha wiki iliyopita.