Usonji: vifaa vya kumlinda anayeondoka

Kuondoka nyumbani au shuleni bila mtu kujua ni mojawapo ya hatari kubwa zinazowakabili watoto wenye usonji. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Pediatrics nchini Marekani mwaka 2012 ulionyesha kuwa asilimia 49 ya watoto hao walijaribu kuondoka angalau mara moja baada ya kutimiza miaka 4. Mara nyingi hawatoroki ovyo: wanafuata kitu wanachokipenda au wanakimbia kelele zisizovumilika. Wengi huvutwa na maji, na kuzama ni chanzo kikubwa cha vifo vyao.

Oktoba 2013 kijana wa miaka 14 asiyeweza kuzungumza alitoka peke yake shuleni huko Queens, New York. Mabaki yake yalipatikana mtoni Januari 2014. Jina lake, Avonte, na la Kevin, mtoto wa Iowa aliyezama mwaka 2008, yamepewa sheria ya mwaka 2018 inayotoa fedha za mafunzo na za vifaa vya kuwatafuta wanaopotea.

Vifaa hivyo ni vya namna mbili. Ya kwanza ni bangili ya redio, kama zile za Project Lifesaver, mpango ulioanza Chesapeake, Virginia, mwaka 1999. Bangili hutoa ishara ya redio isiyosikika kwa masikio, na watafutaji huifuata kwa antena ya mkononi. Mawimbi yake hupenya hata mahali ambapo setilaiti haioni, ila lazima pawe na kikosi kilichofunzwa, tena kilicho karibu.

Namna ya pili ni GPS. Kifaa hupokea mawimbi ya setilaiti, hukokotoa mahali kilipo, kisha hutuma habari kwa laini ya simu. Ni teknolojia ileile inayofungwa kwenye magari na bodaboda za mkopo. Mzazi huchora mpaka kwenye ramani ya simu yake, na mtoto akiuvuka tu, simu inalia. Ndani ya jengo la zege, au pasipo na mtandao, kifaa hiki hakina msaada. Betri nayo huisha, kwa kawaida siku ambayo hakuna aliyekumbuka kuichaji.

Tatizo gumu zaidi ni ngozi. Watoto wengi wenye usonji hawastahimili kitu kinachobana mkononi; kifaa huvuliwa na kutupwa kabla ya saa sita mchana. Ndiyo sababu vifaa vingine hushonwa au kubanwa kwenye nguo, kwa pini isiyofunguka ila kwa ufunguo wa sumaku anaobaki nao mzazi.

Lakini kumwona mtoto kwenye ramani si sawa na kumwezesha. Programu za picha kama Proloquo2Go, iliyotoka mwaka 2009, humruhusu asiyezungumza kugusa picha kwenye tableti, nayo ikatamka neno kwa sauti. Akifundishwa kugusa “nimepotea”, kisha namba ya mama yake, mpita njia yeyote anaweza kumsaidia. Hapa mtoto mwenyewe ndiye anayeomba msaada, na kwa hilo kifaa hiki kinastahili kupewa uzito uleule wa bangili.

Kwa mtu mzima hesabu ni nyingine. Watu wazima wenye usonji wamelalamika kufuatiliwa bila ridhaa yao, na wana haki. Anayepanda basi kwenda kazini anaweza kumwonyesha rafiki mmoja mahali alipo kwa muda wa safari tu, kisha akazima mwenyewe akifika.