Mnyoo Mdogo, Somo Kubwa

Mkichota matunda yaliyooza chini ya mwembe hapa Matinyani, huenda mkabeba minyoo bila kuwaona. Msicheke! Mmoja wao, Caenorhabditis elegans, amewafunza wataalamu mengi. Urefu wake ni milimita 1 tu, na mwili wake waona ndani kama kioo. Amewahi kupatikana hata Limuru. Sydney Brenner, mzaliwa wa Germiston, Afrika Kusini, ndiye aliyemchagua kwa utafiti miaka ya 1960.

Sasa utauliza: seli hujuaje wakati wa kugawanyika na wakati wa kuacha? Mimi nilidhani kila seli hujiamulia. Kumbe sivyo! Kiungo chake cha uzazi kina mikono miwili, na kwenye ncha ya kila mkono pamekaa seli moja. Seli shina zilizo karibu nayo hupata amri: gawanyikeni. Zikisogea mbali, amri haizifikii. Basi zinageuka mbegu au mayai. Mwaka wa 1981 Judith Kimble na John White walieleza walivyoiua seli ile kwa miale ya leza. Loo! Seli shina zote zikaacha kugawanyika, akiba ikaisha. Na amri isipokoma, seli hujazana kama uvimbe.

Hata uboho wetu una seli shina na majirani wa kuziongoza, ndipo tukapata damu mpya kila siku. Seli zikigawanyika ovyo, hiyo ndiyo saratani. Wenzangu, mdharau mwiba mguu huota tende.