Kutatua Hitilafu za Kukompaili Kiendeshi cha Wi-Fi kwenye Raspberry Pi

Utangulizi
Kiendeshi ni programu inayouwezesha mfumo endeshi kuwasiliana na kifaa kilichounganishwa na kompyuta. Katika Linux, viendeshi vingi huja pamoja na kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi. Hata hivyo, baadhi ya vifaa vya Wi-Fi vya kuchomeka kwenye USB havina kiendeshi humo. Mtumiaji hulazimika kutafuta msimbo chanzo na kuukompaili, yaani kuugeuza kuwa lugha ya mashine. Zao lake huitwa moduli.

Kumbuka kanuni hii: moduli hukubalika pale tu inapolingana na kerneli inayofanya kazi, kwa toleo na kwa aina ya kichakataji. Hitilafu nyingi hutokana na kutolingana huko.

Hatua za kufuata
1. Tambua kifaa. Amri ya lsusb huonyesha namba ya mtengenezaji na namba ya bidhaa. Tumia namba hizo kuchagua kiendeshi, si jina lililoandikwa kwenye boksi, kwa kuwa vifaa vya jina moja vinaweza kuwa na chipu tofauti.

2. Kagua kerneli. Amri ya uname -r hutaja toleo linalofanya kazi. Ndani ya folda ya /lib/modules/ yenye jina la toleo hilo, lazima kuwe na build, inayoelekeza kwenye faili za vichwa vya kerneli. Isipokuwepo, sakinisha faili hizo. Ikiwa kerneli imesasishwa na mashine haijawashwa upya, toleo la zamani ndilo bado linafanya kazi. Washa upya kwanza.

3. Kompaili kwa amri ya make. Makosa yakijitokeza mengi, soma la kwanza. Mstari wa mwisho wenye Error 2 hutangaza tu kwamba kazi imekwama. Ujumbe wa implicit declaration of function mara nyingi humaanisha kuwa msimbo ni wa zamani kuliko kerneli: unaita kazi iliyokwisha kuondolewa au kubadilishwa jina. Tafuta toleo jipya la msimbo.

4. Pakia moduli, kisha soma taarifa za kerneli kwa amri ya dmesg. Ukiona failed with error -2 kwenye mstari unaotaja firmware, faili ya programu dhibiti ya chipu haipo katika /lib/firmware. Hapo kukompaili tena hakusaidii. Weka faili hiyo.

Swali la mfano (alama 4)
Asha alikompaili kiendeshi kwenye kompyuta ya mezani yenye kichakataji cha Intel bila kosa lolote. Alipokihamishia kwenye Raspberry Pi na kukipakia, alipata ujumbe wa Invalid module format. Eleza sababu mbili na utoe suluhisho mbili.

Jibu
Sababu:
(i) Raspberry Pi hutumia kichakataji cha ARM, ambacho hakielewi maelekezo ya mashine yaliyoandaliwa kwa ajili ya Intel.
(ii) Moduli ilijengwa kwa kufuata kerneli ya kompyuta ya mezani, ambayo si ile ya Raspberry Pi.

Suluhisho:
(i) Akompaili kwenye Raspberry Pi yenyewe baada ya kusakinisha faili za vichwa zinazolingana.
(ii) Abaki kwenye kompyuta ya mezani, lakini atumie kompaila inayozalisha msimbo wa ARM pamoja na faili za kerneli ya Raspberry Pi.

Zingatia
Jibu la "asakinishe upya mfumo endeshi" halielezi sababu. Taja kwanza hatua iliyokwama: kutambua, kukompaili au kupakia. Kisha toa sababu, na mwisho suluhisho.

Zoezi
1. Kwa nini kukompaili bila kosa si uthibitisho kwamba kiendeshi kitafanya kazi?
2. Tofautisha kiendeshi na programu dhibiti.