Usanifu wa Viwanja vya Gofu na Maji ya Mvua Uani Karagwe

Msafiri atokaye Omurushaka kwenda Murongo, mpakani mwa Uganda, hupita katika nchi ya migongo mirefu ya vilima na mabonde ya nyasi. Katikati ya nyasi hizo makazi ya watu huonekana kama visiwa: migomba, mibuni, na bati linalometa ndani yake. Mwaka 1861 wasafiri wawili kutoka Uingereza, John Hanning Speke na James Grant, walifika hapa kwa Mfalme Rumanyika. Ziwa dogo walilolikuta karibu na makao yake wakalipa jina la Windermere, kwa kuwa Grant aliona linafanana na ziwa la kwao. Walitazama nchi ya wenyeji kwa jicho la kigeni. Makala haya yatafanya kinyume chake. Tutautazama ufundi uliozaliwa Uskoti, yaani usanifu wa viwanja vya gofu, kwa jicho la mkazi wa Karagwe au Kyerwa ambaye kila masika huona udongo wa uani pake ukiteremka bondeni.

Gofu hujulikana kwetu kama mchezo wa wenye fedha, na sifa hiyo si ya uongo. Hata hivyo, kiwanja chenyewe kilianza kwa unyonge mkubwa. Kule St Andrews, ambako mwaka 1764 idadi ya mashimo ilipunguzwa kutoka 22 hadi 18, hakuna mtu aliyechora ramani hapo mwanzo. Ardhi ilikuwa ya kichanga, kando ya bahari, isiyofaa kwa kilimo. Kondoo na sungura waliifupisha nyasi, upepo ukachimba vishimo vya mchanga, na wachezaji wakafuata njia iliyokuwapo. Wasanifu wenye ujuzi walikuja baadaye, na waliokuwa hodari miongoni mwao walijitahidi kuiga kazi hiyo ya maumbile. Alister MacKenzie alikuwa daktari wa tiba katika vita vya Makaburu, Afrika Kusini, na huko alivutiwa na jinsi Makaburu walivyoficha mahandaki yao kwa kufuata umbo la ardhi. Alipogeukia usanifu, alishikilia kwamba tuta lililojengwa na mtu lazima lionekane kana kwamba lilikuwapo siku zote. Kiwanja cha Augusta, Marekani, kilichofunguliwa mwaka 1933, alikisanifu pamoja na mchezaji Bobby Jones.

Lakini uzuri unaoonekana ni nusu tu ya kazi. Nusu nyingine imo chini ya nyasi, nayo ni elimu ya maji. Kabla ya kuchagua mahali pa shimo hata moja, msanifu hujiuliza: maji yanatoka wapi, yanapita wapi kwa kasi gani, na yanaishia wapi? Uwanja mdogo unaozunguka shimo huinamishwa kidogo sana, kiasi kwamba jicho halitambui, ili maji yasituame wala yasikimbie. Chini yake, kwa utaratibu uliotangazwa na chama cha gofu cha Marekani mwaka 1960, huwekwa mchanga wa kina cha sentimita 30 juu ya kokoto za sentimita 10. Mwanafunzi atashangaa akielezwa kwamba maji hayashuki mara moja kuingia katika kokoto. Nafasi ndogo baina ya chembe za mchanga huyashika maji kwa nguvu kuliko nafasi kubwa za kokoto, hivyo mchanga hubaki na unyevu hadi maji yatakapozidi. Hapo ndipo ziada hushuka. Mwalimu aweza kulithibitisha jambo hili kwa sifongo. Liloweshe, lishike likiwa limelala hadi likome kudondosha, kisha lisimamishe wima: litadondosha tena.

Sasa tutumie maswali yale yale matatu nyumbani. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Nyumba ya mita 10 kwa 8 ina paa la mita za mraba 80. Mvua moja ya milimita 25 itashusha lita 2,000, yaani ndoo 100 za lita 20. Nyumba ya msonge iliyoezekwa kwa nyasi iliyachelewesha maji, yakadondoka polepole pande zote. Bati huyatupa yote kwa dakika chache katika mistari miwili. Ua nao, kwa kuwa umefagiliwa kila siku na kukanyagwa, umekuwa mgumu kama sakafu. Maji hayazami, yanakimbia. Na yakienda kasi mara mbili, nishati yake huwa mara nne. Mfereji wa upana wa kidole uani huweza kuwa korongo katika shamba la jirani wa chini, na hapo ndipo ujirani huingia doa.

Sisemi kwamba kufagia ni ujinga. Ua mweupe humwonyesha nyoka mapema, nao ni mahali pa kuanikia kahawa na maharage. Tatizo ni ukubwa wake. Eneo linalohitajika kweli ni lile la mbele ya mlango na la kuanikia. Kinachobaki kingeweza kufunikwa.

Na kifuniko kipo. Hapa ndipo ninapowashangaa wasomi wenzangu wanaotafuta mbegu za nyasi madukani. Nyasi zinazosifiwa katika viwanja vya nchi za joto zina asili ya Afrika. Ile inayoitwa kikuyu, yenye jina la watu wa Kenya, ni nyasi ya nyanda za juu za Afrika Mashariki. Nyasi aina ya Tifway, iliyotolewa mwaka 1960 huko Tifton, katika jimbo la Georgia, ilitokana na kuchanganya ukoka wetu wa kawaida na ndugu yake wa Afrika Kusini. Ukoka unaota bure kando ya njia. Ila usiukate mfupi mno: nyasi inayokatwa mfupi sana hupungukiwa na majani ya kujitengenezea chakula, na mizizi yake hubaki juujuu. Viwanja vya gofu hukata hadi milimita 3 au 4 kuzunguka shimo kwa sababu vina watunzaji wa kila siku, mbolea na maji mengi. Nyumbani, sentimita 5 zatosha. Tena uwekewe mpaka wa mawe, kwa maana ukoka ukiingia katika migomba mkulima ataulaani, na atakuwa na haki.

Shamba la migomba lenyewe ni usanifu wa zamani unaostahili heshima. Rutuba yake haikuletwa na maumbile peke yake. Samadi, majivu na maganda ya ndizi yamerundikwa karibu na nyumba kwa vizazi vingi, na nyasi za mlimani zimetandazwa chini ya migomba. Tone kubwa la mvua hufika ardhini kwa kasi ya mita 9 hivi kwa sekunde. Likipiga matandazo, nguvu yake huishia hapo, na maji huzama taratibu. Anayeyafagia matandazo ili shamba lionekane nadhifu anaondoa paa la udongo wake. Sehemu za msiri, panapolimwa mahindi na maharage, hukosa ulinzi huo, nazo ndizo zinazohitaji makinga maji kwanza.

Ili kupima makinga hayo, shule yoyote yaweza kutengeneza kipimo cha umbo la herufi A: fito mbili za mita 2, moja fupi ya kukatisha, na kamba yenye jiwe ikining'inia kutoka kileleni. Simamisha miguu juu ya vigingi viwili, weka alama pale kamba inapogusa fito ya katikati, badilisha miguu, weka alama ya pili. Kamba ikiangukia katikati ya alama hizo, miguu iko usawa mmoja. Tembeza kipimo mlimani, ukipigilia kigingi kila hatua, na mstari wa usawa utajitokeza; mara nyingi utapinda kuliko ulivyotarajia. Juu ya mstari huo panda mabingobingo, ambayo pia ni chakula cha ng'ombe. Maji ya paa yaongozwe kwenye shimo la takataka lililo juu ya migomba, si chini yake, na ziada iachiwe kwenye nyasi ndefu zilizo ndani ya mpaka wako, kabla ya kumfikia jirani.